Albamu ya heshima ya Big Star kupitia kijarida: yaliyotukuta Glasgow

Mleta uzi, umesema mko watatu hapo Leeds, mna kijarida cha mashabiki mnachokifotokopi wenyewe, na toleo lijalo mnataka litoke na CD ya bendi ndogo ndogo zikirudia nyimbo za Big Star. Umeuliza muanzie wapi. Wakuu waliotangulia wamekujibu habari za studio na maikrofoni. Hiyo ndiyo shida ndogo kuliko zote. Kitakachowagombanisha ni nani anapiga wimbo gani.

Mwaka 2003 nilikuwa Glasgow, nasoma, na jioni nasaidia kijarida kama chenu. Cheo changu kilikuwa stepla. Kule wapiga gitaa wanaiheshimu Big Star kama wazee wa Morogoro wanavyomheshimu Mbaraka Mwinshehe, kwa sababu Teenage Fanclub, bendi ya vijana wa Bellshill hapo jirani, hawakuwahi kuficha wamejifunzia wapi. Hata albamu yao ya 1993 inaitwa Thirteen, jina lilelile la wimbo wa Big Star.

Kwa ambao wanaisikia leo: ni bendi ya Memphis, Marekani. Alex Chilton, Chris Bell, Andy Hummel na Jody Stephens. Jina walilitoa kwenye supamaketi iliyokuwa jirani na studio ya Ardent walikorekodia. Albamu ya kwanza, #1 Record, ilitoka 1972, wakosoaji wakaisifu sana, lakini usambazaji ukavurugika na mwenye hamu ya kununua akawa haioni dukani. Radio City ya 1974 nayo yakaikuta yaleyale. Ya tatu ilirekodiwa ikakaa kabatini hadi 1978, na mwishoni mwa mwaka huohuo Bell akafariki kwa ajali ya gari akiwa na miaka 27. Ndiyo maana bendi hii inadaiwa uhai wake na mashabiki waliokuwa wakirekodiana kanda na kuandika vijarida, redio haikuwa na habari nayo.

Sasa turudi kwenye mkasa wetu. Bendi 14 zilikubali. Tukafanya kosa la kistaarabu, tukawaambia kila mtu achague anachopenda. Sita zikaleta jina moja: "September Gurls". Moja ilikuwa imesharekodi kabisa kabla ya kutuambia, na mpiga dramu wao akaja kwenye kikao na CD mkononi kama mtu aliyekuja na hati ya kiwanja. Wiki tatu tukawa hatuandiki kijarida, tunasuluhisha.

Kilichotuokoa ni kofia. Tuliandika majina ya nyimbo kwenye vikaratasi, tukavikunja, kila bendi ikachomoa kimoja, na ruhusa ya kubadilishana ikawa mara moja tu. Hiyo "September Gurls" iliangukia kwa dada mmoja aliyekuwa na gitaa la kawaida tu, na wale jamaa wa hati ya kiwanja wakanuna mpaka mwisho. "The India Song", ile ya Hummel ambayo hakuna hata mmoja aliyeiomba, ikawaangukia vijana watatu wa panki, watu wa makelele matupu. Wimbo wenyewe ni mlaini, wa mtu anayetamani kwenda India akaishi kwenye nyumba kubwa msituni. Walikasirika. Kisha wakaupiga kwa hasira hiyohiyo, dakika moja na nusu, na mwimbaji anataja India kama mtu anayefukuzwa na mwenye nyumba. Ndio wimbo pekee wa ile CD ambao watu wananiuliza mpaka leo.

Kinyume chake kulikuwa na bendi hodari kweli, wakarudia "Back of a Car" noti kwa noti, solo, rithim, besi, waitikiaji, kila kitu mahali pake. Ukiusikiliza unatamani ule wa asili. John Fry, mwenye studio ya Ardent, alirekodi zile gitaa zikawa zinalia kama vijiko kwenye sinia, na nyie kwa mashine ya treki nne chumbani hamfiki hapo. Kwa hiyo waambieni mapema: anayetaka kukopi tusipoteze muda wake. Kasikilizeni Big Star, Small World, albamu ya heshima ya 2006, mpime wenyewe. Pale hata majina makubwa yanapishana sana kwa namna yalivyothubutu.

Pesa. Kwa kuwa mko Uingereza, hamhitaji kuwatafuta wanabendi kuomba ruhusa, mradi hamchukui kipande cha rekodi yao na hambadilishi maneno. Mnachohitaji ni leseni ya MCPS, shirika linalowakusanyia watunzi malipo nyimbo zao zikirekodiwa. Sisi tulitumia ile ya AP2, ya watu wadogo. Kiwango kilikuwa asilimia 8.5 ya bei ya kuuzia maduka, na mnalipa kabla ya kuchapa, kwa idadi yote mnayotengeneza. CD ikilala chini ya kitanda, mmeshailipia. Kwa hiyo msijidanganye na nakala 1,000. Sisi tulifanya 300 na bado jasho lilitutoka.

Halafu kuna kitu ambacho hatukuambiwa na mtu: leseni hiyo ni ya sauti tu. Kuchapa mashairi kwenye kijarida ni ruhusa nyingine, ya mwenye haki za uchapishaji. Tulijua hilo usiku, kurasa zimeshatoka kiwandani na maneno ya nyimbo nne ukurasa wa 9. Tukakaa sakafuni watatu, rula na wembe, tukakata ukurasa huo kwenye nakala zote 300. Upande wa nyuma, ukurasa wa 10, kulikuwa na nusu ya mahojiano, basi yakaenda nayo. Wasomaji walituandikia kuuliza yule jamaa alimalizia kusema nini.

Nimebakiwa na nakala mbili, zote hazina ukurasa wa 9. Mkitaka kuisikia hiyo "The India Song" niPM, ila usiniombe ile "Back of a Car".