Ruta ya kujitengenezea: tazama luku kwanza, prosesa baadaye

*Shikamoo dada. Nina stesheneri Tabata Segerea: kompyuta nne, printa mbili, na faiba ya Mbps 20 ninayogawana na wapangaji wawili wa uani. Mteja mmoja akianza kupandisha faili kubwa, wote tunakwama, hata simu ya WhatsApp haisikiki. Nataka kuunda ruta yangu kwa programu huria ili nigawe mwenyewe. Binamu yangu ananipa bure kompyuta ya mezani ya Core 2 Duo, anasema niongeze kadi ya mtandao kisha niweke pfSense, programu ya kugeuza kompyuta kuwa ruta. Mfukoni nina laki mbili. Nichukue hiyo, au ninunue kitu kingine?*
*Msomaji, Tabata Segerea*

Marahaba mdogo wangu. Mshukuru sana binamu, ila hiyo kompyuta iweke pale dukani ichape barua za wateja. Kazi ya ruta ingeiweza bila tabu. Tatizo ni kwamba ruta haizimwi usiku wala Jumapili, na mashine ya umri huo hata ikikaa tu bila kazi inakula wati 60 na zaidi. Piga hesabu: wati 60 kwa saa 24 ni yuniti 1.44, kwa mwezi ni yuniti 43 za luku. Kiboksi cha wati 5 kwa mwezi mzima hakifikishi hata yuniti 4. Kwa hiyo hicho cha bure utakuwa unakilipia kila unaponunua umeme.

Halafu kuna umeme kukatika, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana watu wengi huchagua ruta kana kwamba wanaishi mahali ambapo umeme haukatiki. pfSense na ndugu yake OPNsense hukaa kwenye diski kama mfumo wa kompyuta ya kawaida na huandika kumbukumbu za matukio muda wote. Umeme ukiondoka ghafla katikati ya kuandika, diski inaweza kuharibika faili, na asubuhi unafungua duka hakuna mtandao. OpenWrt, mfumo huria unaowekwa ndani ya viboksi vya ruta, imejengwa tofauti. Mfumo wenyewe umebanwa kwenye sehemu isiyoandikika kabisa, mipangilio yako inakaa kwenye sehemu nyingine juu yake, na kumbukumbu za matukio ya kila siku zinabaki kwenye RAM, sehemu ya muda inayofutika umeme ukikatika. Hata ukivuruga mipangilio, unaweza kuifuta ukaanza upya, mfumo uko palepale. Kwa mazingira yetu hiyo tu inatosha kunifanya nichague OpenWrt.

Sasa hilo la kukwama. Usidhani dawa yake ni kununua kasi zaidi. Mteja anapopandisha faili, data inajaza foleni ndani ya kiboksi cha faiba, na vipande vidogo vya sauti ya simu vinasimama nyuma ya mzigo wote ule. OpenWrt ina kifurushi cha kupanga foleni za data kinachoitwa SQM, na ndani yake kuna CAKE, ambayo ndiyo inayogawa zamu. Ukiiambia laini yako ni Mbps 18 badala ya 20, foleni inahamia kwenye ruta yako, na CAKE inampa kila mtumiaji zamu yake. Kazi hiyo inaelemea prosesa, na uzito wake unafuata kasi ya laini. Ungekuwa na Mbps 500 ningekutafutia mashine nyingine kabisa. Kwa Mbps 20, prosesa ya MediaTek MT7621, yenye viini viwili vya MHz 880, inafanya bila hata kupata joto.

Kwa hiyo nenda Kariakoo, kwa wauzaji wa vifaa vya mtandao, ulizia MikroTik hEX, lakini iwe ile iliyoandikwa RB750Gr3. Ina hiyo MT7621, RAM ya MB 256, hifadhi ya ndani ya MB 16, na poti tano za gigabiti. Haina feni ya kuvuta vumbi la barabarani. Kinachonifanya niipende zaidi ni tundu la umeme: inapokea volti 8 hadi 30. Betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hupanda kupita 13, na ikielekea kuisha hushuka chini ya 12. Ruta nyingi zinataka 12 kamili, hii haijali. Betri ya Ah 7, kama zile za kengele za ulinzi, ina Wh 84. Tumia nusu tu ili isife mapema, bado ruta peke yake itakaa saa nane hivi. Usisahau tu kwamba kiboksi cha faiba nacho kinataka umeme wakati huohuo. Hicho kipe UPS ndogo ya ruta yenye volti kinazotaka, maana chenyewe si mvumilivu.

Kabla hujatoa hela, geuza kifaa usome stika ya chini. Siku hizi kuna hEX nyingine inayofanana nayo sana lakini namba yake ni E50UG na chipu yake si hiyo. Muuzaji atakwambia ni ileile, tena imeboreshwa. Kwa kazi yako si ileile. Mchezo huu ni wa zamani: OpenWrt yenyewe ilizaliwa mwaka 2004 kutokana na msimbo wa programu wa Linksys WRT54G, ruta iliyokuwa na hifadhi ya MB 4 na RAM ya MB 16. Toleo la tano likaja na sura ileile, ndani likiwa na MB 2 na MB 8. Waliosoma jina kwenye boksi bila kusoma toleo walirudi nyumbani na kitu kingine.

RB750Gr3 haina waifai. Ruta uliyonayo sasa izime DHCP, yaani kazi ya kuvigawia vifaa anwani, ipe anwani yake isiyogongana na ya hEX, uichomekee kebo kwenye poti ya LAN, ibaki kurusha waifai tu. Na kabla ya kuweka OpenWrt, ingia kwenye RouterOS, mfumo ambao hEX huja nao, uhifadhi leseni yake, ili siku ukitaka kurudi uwe na pa kurudia.

*Dada, mimi nina Raspberry Pi 4 iliyobaki kwenye mradi wa chuo. Inafaa kuwa ruta?*
*Mwanafunzi, Sinza*

Inafaa, nguvu inayo nyingi. Ina poti moja tu ya kebo, kwa hiyo ongeza adapta ya mtandao ya USB 3.0. Chaja isiwe ya simu ya kubahatisha: inataka volti 5 na ampea 3. Haina saa ya betri ndani, kwa hiyo umeme ukirudi tarehe inaweza kuwa ya nyuma. Kama umeweka DNS (huduma ya kutafuta anwani za tovuti) ya kufichwa, hakikisha seva ya muda inafikika bila kuitegemea hiyo DNS, la sivyo kila moja itamngoja mwenzake.

*Habari fundi. Kuna ruta ya TP-Link TL-WR841N ya mtumba naiuziwa Mbagala kwa bei ya kutupa. Niichukue niweke OpenWrt?*
*Msomaji, Mbagala*

Salama. Soma toleo kwenye stika. V13 ina hifadhi ya MB 8 na RAM ya MB 64, hapo ni kiwango cha chini kabisa cha kuanzia, na poti zake ni za Mbps 100. V14, iliyotoka baadaye, ina MB 4 na MB 32. Hiyo mwachie, hata akishusha bei.