Tumbo la hedhi na netiboli: nicheze au nilale?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 17, nachezea timu ya netiboli ya shule. Siku ya kwanza ya hedhi tumbo la chini hunikata mpaka mapajani, na mara nyingine natapika. Bibi anasema nikikimbia damu itazidi na chango litapanda. Mwalimu wa michezo anasema nikimbie tu, litaisha. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, binti. Mwalimu amekaribia, ila ana haraka.

Hakuna kinachopanda. Damu inapokaribia kutoka, utando wa ndani ya mfuko wa uzazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo huufanya mfuko ujikaze. Zikiwa nyingi, hujikaza mpaka ukaibana mishipa yake ya damu. Msuli hukosa oksijeni, ukauma. Kemikali hizohizo ndizo zinazokutapisha, na wengine huwaharisha. Kukimbia hakuongezi damu. Iliyotuama ukiwa umelala hushuka kwa mkupuo unapoinuka, na pengine hicho ndicho alichokiona bibi.

Mazoezi husaidia. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, walipokusanya tafiti mwaka 2019, waliona kuwa dakika 45 hadi 60, mara tatu au zaidi kwa wiki, hupunguza maumivu kwa pointi kama 25 kwenye kipimo cha 100, yawe mazoezi makali au mepesi. Tafiti zenyewe hazikuwa imara sana, lakini mimi huwashauri wagonjwa wangu wajaribu. Ila mazoezi si kidonge: faida yake hujengwa mwezi mzima. Wengi hukimbia siku ileile ya maumivu, wakakata tamaa.

Siku hiyo usijilazimishe uwanjani. Tembea kidogo, jikande kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga. Ibuprofeni miligramu 400, baada ya kula, imezwe maumivu yanapoanza, si yakishakuelemea. Irudie ukipita muda wa saa nane, ikibidi, isizidi mara tatu kwa siku. Huzuia prostaglandini zisitengenezwe, kwa hiyo kwa kawaida huishinda Panadol. Usiitumie ukiwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu kabla hujamwona daktari.

Miezi mitatu ikipita bila nafuu, au maumivu yakizidi mwaka hadi mwaka, au yakija hata nje ya hedhi, nenda hospitali. Huenda ni endometriosisi, yaani utando kama ule wa mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko. Na usipoulizwa unakosa siku ngapi za shule, taja mwenyewe.