Ya zamani au changa, ipi itangulie mezani?

*Salamu, Papa. Kaka yangu amekuja likizo kutoka Brussels na chupa mbili za divai nyekundu ya Bourgogne, Ufaransa: Volnay ya 2005 na Gevrey-Chambertin ya 2020. Jumamosi jioni tutakula watu sita, pamoja na baba mkwe wangu ambaye hali bila pilipili. Nianze na ipi? Tena nimeinua ile ya 2005 kwenye mwanga nikaona mashapo meusi chini. Imeharibika?*
*Mama wa Nguba, Bukavu*

Karibu, Mama, na umsalimie mgeni. Mashapo yasikutishe. Divai nyekundu ikikaa miaka mingi hivyo, rangi yake hushikana na tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi, kisha vyote vikatua chini. Hata kwenye glasi utaona ukingo umegeuka rangi ya tofali. Huo ni umri tu. Cha kuogopa ni harufu ya katoni iliyolowa. Ukiisikia, kizibo kimeiharibu na haina dawa.

Chupa ya Volnay isimamishe wima tangu leo itulie baada ya safari. Vuta kizibo taratibu, maana cha zamani hukatika, na fanya hivyo wageni wakiwa wameshakaa. Harufu za divai ya umri huu, za uyoga na majani makavu, hutoka mapema na zinaweza kupotea kabla sahani hazijaondolewa. Mimina polepole, uache kidogo chini. Kwa watu sita kila mmoja atapata kama mililita 120, inatosha. Gevrey ifungue saa moja kabla ya kuinywa, uimimine kwenye jagi ipate hewa.

Kuhusu ipi itangulie, wengi hufundisha kwamba changa huanza. Kwa chupa hizi mbili nakushauri ugeuze. Zote ni zabibu moja, Pinot Noir, lakini Volnay, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Beaune, husifiwa kwa ulaini, na Gevrey, karibu na mji wa Dijon, kwa nguvu. Isitoshe, 2020 ulikuwa mwaka wa joto na ukame kule; zabibu ziliiva mapema, wengi wakaanza kuvuna Agosti, na divai ikazidi nguvu. Gevrey hiyo ikitangulia, Volnay itaonekana kama maji, na nimeona mezani chupa nzuri ikidharauliwa hivyo. Inaniuma kila mara.

Basi Volnay iende na kuku wa kienyeji wa kuoka na uyoga, chumvi kiasi. Gevrey ifuate na nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu kwa vitunguu. Sombe yenye mawese ibaki siku nyingine, itafunika zote mbili. Jibini ya Masisi mwishoni, sawa kabisa.

Baba mkwe mwombe kwa heshima, au mtume mumeo, asubiri glasi ya kwanza iishe. Pilipili huwasha kinywa, na pombe huuzidisha moto huo. Hatasikia chochote cha ile Volnay. Akifika kwenye nyama, mwekee pilipili yake kwenye kisahani.

Zote ziwe baridi kiasi, digrii 15 hivi. Nusu saa ndani ya frigo inatosha. Umeme ukikatika, beseni la maji baridi. Gevrey ikibaki, izibe uirudishe frigo, kesho bado itanyweka. Volnay imalizeni usiku huo huo.