Ukienda Nyumbani na Mbwa, Panga Safari ya Mbwa Kwanza

Tangu niziweke zile picha za Noah yetu imeegeshwa chini ya mbuyu, watu hawaniachi. Dada mmoja wa Kigamboni kaniandikia: "Kaka, mke, watoto watatu na majibwa mawili mpaka Iringa, na mkalala kwenye mahema? Mlifikaje?" Tulifika, dada, tena tumechangamka kuliko wengi walioshuka kwenye basi.

(Na nyie watani zangu, ule utani wa sisi Wahehe kula mbwa nimeusoma wote. Mbwa wamekwenda wawili, wamerudi wawili. Tuendelee.)

Mahema si uzungu, kama alivyodai baba mdogo kwenye grupu la ukoo. Gesti ya kupokea mbwa barabara ile huipati kirahisi, na wenye gesti siwalaumu: mteja wa kesho anataka kuswali chumbani humo, na mate ya mbwa kwake ni najisi. Kuwaacha Dar nako nilishakataa. Kuna mlinzi tulimwachia Bosi na Popi, tukamwachia na dona na dagaa zao za kutosha. Tuliporudi Bosi mbavu nje, mlinzi kanenepa. Lile halijanitoka.

Sasa shika hili. Ukipanga safari ya watu halafu mbwa ukawachomeka mwishoni, utateseka njia nzima. Anza na mbwa, watu watajipanga humo humo. Mbwa hawezi kuvumilia jua, basi toka Dar saa kumi alfajiri, uiache Chalinze kabla joto halijapanda. Yeye hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema ulimi nje. Gari lililozimwa juani linamuua hata ukiacha vioo wazi kidogo, kwa hiyo kila tuliposimama kula, mmoja wetu alibaki nao kivulini. Sisi tulitoa kiti cha nyuma, tukatandika mkeka na juu yake khanga iliyoloweshwa maji. Usiku wa kuamkia safari hawakula, walipewa maji tu.

Morogoro tulipita. Simama Doma, wakojoe, kwa sababu mbele yako ni Mikumi, takriban kilomita 50 barabara inakata katikati ya hifadhi, na mbwa haruhusiwi kushuka humo. Pandisha vioo. Nyani wanakaa pembeni ya lami wakikutazama usoni, na Popi alipowaona alibweka mpaka mwanangu wa mwisho akaanza kulia. Hapo dereva usigeuke nyuma hata kidogo. Kuna ubao unaotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga, usome ukiwa bado na hela zako. Na baada ya safari wakague: mbung'o wa maeneo yale wanaambukiza mbwa nagana, na ugonjwa huo hauchezi na mbwa. Akilegea au macho yakiwa meupe, mpeleke kwa daktari wa mifugo usingoje.

Ruaha Mbuyuni ndiyo iliyonichekesha. Ukipunguza mwendo tu, wauza vitunguu wanakimbilia dirishani na nyavu zao. Kijana mmoja akaingiza wavu mzima ndani, "Boss, chukua hii, bei ya asubuhi!" Bosi wangu akadhani kaitwa yeye. Akaudaka wavu kwa meno, kijana anavuta huku, mbwa anavuta kule, maganda yanaruka mpaka kwenye dashibodi. Mke wangu ndiye aliyerukia nyuma kumnyang'anya, na alifanya la maana, kwani vitunguu ni sumu kwa mbwa, vinaharibu chembe nyekundu za damu. Vitunguu tulivilipia. Vilikaa kwenye buti, mbali na mdomo wake.

Hapo hapo tulilala, jua likiwa bado juu. Usipige kambi kienyeji. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, salimia, eleza unatoka wapi, nani yuko kwenye gari. Mzee wetu alisikiliza shikamoo zote, akauliza swali moja: "Hao wamechanjwa?" Nikatoa kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Akaisoma tarehe kwa tarehe, ndipo akatuonyesha mbuyu. Bila ile kadi tungelala kwenye gari. Kila 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na zipo halmashauri zinazochanja bure siku hizo, kwa hiyo msiniambie hamna hela. Mtoto aking'atwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza hakuna wa kumponya.

Kitonga tuliipanda asubuhi na mapema, nyuma ya lori lililokuwa linatambaa, breki za wanaoshuka zinanuka. Popi alitapika kwenye kona ya kwanza. Wekeni gazeti na ndoo karibu, ndiyo ushauri wangu wote kuhusu Kitonga.

Tulipofika kwetu, mbele ya Ifunda, baridi ya Juni inauma masikio, mama alikuja na salamu zake za "kamwene" akawapitia wajukuu, kisha akawainamia na mbwa. Baba mdogo, aliyeandika mbele ya ukoo mzima kwamba "mtoto wa mjini analala porini kama mkimbizi", hakusema neno. Alikunywa chai akaondoka. Sawa.

Lakini wenzangu, tuambiane ukweli. Tunajenga Goba, tunajenga Kibada, magari tunayo, na watoto wetu Iringa wanaiona kwenye simu. Kila mwaka unasikia "mwakani". Mwakani mama yako atakuwa na umri gani? Tokeni. Mkichekwa kwenye grupu, zimeni sauti ya grupu.

Na wale mnaoniuliza kama naweza kuwaazima hema: hapana. Desemba natoka nalo tena.