Tumbo la kushoto lilivyonifundisha kutokimbilia kisu

Daktari aligeuza bahasha ya picha zangu, akachora bomba kwa kalamu ya wino. Pembeni mwa bomba akaongeza vinundu, kama tyubu ya baiskeli inavyotoa kinundu pale mpira ulipochoka. "Huu ndio utumbo wako mpana, mzee. Hivi ni vifuko. Kimoja kimevimba na kuwaka moto." Ugonjwa wenyewe unaitwa divertikulitisi. Kama ulimi umegoma, usijali, mimi ilinichukua siku tatu.

Kabla ya bahasha hiyo nilikuwa nimetibiwa taifodi wiki nzima. Zahanati ya kwanza walitoa damu kidogo, wakarudi na karatasi, nikaanza kuchomwa sindano. Maumivu yalikuwa chini ya kitovu upande wa kushoto, mahali pamoja, nikipita kwenye matuta na bajaji naona nyota. Hakuna aliyenibonyeza tumbo. Na kila siku nilikuwa najinunulia diklofenaki dukani, mbili asubuhi, mbili jioni. Baadaye niliambiwa kwamba dawa za ukoo huo, pamoja na ibuprofeni, zinaongeza hatari ya vifuko hivyo kutoboka au kutoa damu. Kwa maumivu haya paracetamol ndiyo salama zaidi. Hilo peke yake lingetosha kuwa makala.

Basi ushauri wangu wa kwanza: omba picha. Kidole tumbo kinauma kulia na kila mtu anakijua, wa kushoto hatuna jina lake mtaani. Kipimo cha CT ndicho kinachoonyesha kama ni uvimbe mtupu, kama kuna jipu, au kama utumbo umetoboka, na matibabu yote yanafuata jibu hilo. Ni ghali, najua. Uliza bima yako mapema.

Langu lilikuwa uvimbe mtupu. Nilikwenda pale nimejiandaa kwa kisu, nimeshamwachia mdogo wangu funguo za duka. Daktari akasema nirudi nyumbani. Tena akaniambia kwamba wengi wa hali yangu hawahitaji hata antibiotiki: utafiti wa Sweden na Iceland uliotoka 2012, na mwingine wa Uholanzi wa 2017, ulionyesha kuwa waliokosa dawa hizo walipona sawa na waliozipata. Mimi nilipewa kwa sababu nina sukari na homa ilikuwa juu. Mwenye kinga dhaifu, mjamzito au mzee aliyechoka naye hupewa. Siku saba za siprofloksasini na metronidazo, mdomo mzima ladha ya msumari. Pombe usiguse ukiwa kwenye metronidazo.

Chakula ndicho kilichozua ugomvi nyumbani. Siku mbili tatu za mwanzo ni vya majimaji tu: supu iliyochujwa, madafu, chai ya rangi. Halafu uji laini na wali mweupe. Shangazi akaja na bakuli la kisamvu, amesikia nyuzinyuzi ni nzuri kwa utumbo. Ni kweli, shangazi, ila si wiki hii. Nyuzinyuzi ni za kuzuia shambulio lijalo. Utumbo ukiwa umevimba unataka kupumzishwa, kisha unaongeza taratibu: maharage, mchicha, na dona badala ya sembe.

Hapo kwenye dona nina la kusema. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika na mwenzake Painter mwaka 1971 kwamba ugonjwa huu unatokana na upungufu wa nyuzinyuzi, na kwamba Afrika ulikuwa nadra. Sasa mimi nakaa kwenye kiti cha duka tangu saa moja asubuhi, mchana chipsi mayai, jioni chapati za unga mweupe. Nadra hiyo nilikuwa naimaliza mwenyewe.

Jamaa niliyekaa naye kwenye benchi la kliniki yalimkuta makubwa. Kwake kulikuwa na jipu. Jipu dogo hujaribiwa kwa antibiotiki peke yake, likizidi kama sentimita 3 au 4 huingizwa sindano na mrija kwa kuongozwa na picha, usaha ukatolewa bila kupasua. Lake lilipasuka kabla ya kufika hospitali. Akafanyiwa upasuaji unaoitwa wa Hartmann: kipande kibovu kinakatwa, utumbo unatolewa ubavuni, choo kinaingia kwenye mfuko. Baada ya miezi kadhaa wengine huunganishwa tena, si wote. Alinionyesha mfuko bila haya. "Mdogo wangu, nilidhani nimekwisha. Unazoea."

Zamani ukipata mashambulio mawili ulipangiwa upasuaji. Siku hizi hawahesabu hivyo, wanaangalia ugonjwa unakuharibia maisha kiasi gani. Mtu akikuharakisha kwenye kisu kwa sababu ya idadi tu, tafuta daktari wa pili. Lakini tumbo likiwa gumu kama ubao, homa ikipanda, ukitapika mfululizo, au ukitoa damu nyingi chooni, usitafute wa pili wala wa tatu. Kodi gari usiku huohuo.

Wiki ya nane nilirudi kupimwa utumbo kwa kamera. Hawafanyi ukiwa mgonjwa, wanaogopa kutoboa. Wanataka kuhakikisha hakuna saratani iliyojificha nyuma ya uvimbe. Kipimo si kitu, kazi ni usiku wa kuamkia, ule unaokunywa lita kwa lita za dawa ya kusafisha tumbo. Niliishia kuhamishia mto karibu na choo. Vifuko vipo na havitaondoka, ila vimetulia.

Kuna hofu moja imebaki nyumbani, ya mbegu kunasa kwenye vifuko. Utafiti wa Marekani wa 2008 uliwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 18, na walaji wa karanga, mahindi na bisi hawakuonekana kuugua zaidi. Nimemsomea mke wangu habari hiyo mara mbili. Anaitikia, kisha anachukua kijiko na kuendelea kunitolea mbegu za mapera moja moja.