Zima kiti kabla hujainua makalio

Wewe uliyepata kiti cha magurudumu cha umeme juzi, utazoea kukiendesha ndani ya wiki chache. Mimi kilichonichelewesha ni kutoka kitini kwenda kitandani, na kurudi.

Mwaka wangu wa kwanza nilianguka mara moja, na sababu ilikuwa chandarua. Nilisogea hadi ubavuni mwa kitanda nikaacha kiti kimewashwa, maana nilijiambia ni kazi ya sekunde tatu. Nilipojiinua, pindo la chandarua likanasa kwenye joistiki, kile kijiti cha kuendeshea kiti, likaivuta. Kiti kikarudi nyuma nusu hatua, nami siko kitini wala sijafika kitandani. Sakafu ya terazo haina huruma. Tangu siku ile kidole kinazima chenyewe. Mkono wa dera, kamba ya mkoba, hata kitambi cha anayekuinamia kukusaidia, vyote vinaweza kusukuma joistiki.

Kwa viti vingi vya umeme, ukizima, breki za mota zinajifunga. Lakini karibu na mota kuna kiwenzo cha kuweka kiti fri ili kisukumwe kwa mkono. Kikiwa fri, breki hizo hazikamati hata kama umezima. Aliyekusukuma jana huenda alisahau kukirudisha, kwa hiyo mwambie mtu akisukume kidogo, kikisogea, usihame.

Kabla ya kuzima, kaa vizuri. Pinda kiti kama nyuzi 30 hadi 45 na kitanda, upande wako wenye nguvu utangulie. Kama mota zako ziko nyuma, malizia kwa kurudi nyuma kidogo ili magurudumu madogo ya mbele yageukie mbele. Hapo kiti hakitainamia mbele unapojisogeza ukingoni. Vikanyagio vifunguliwe vipishe. Usivisimamie hata siku moja, kwa sababu kiti hubinuka, na vingine vina zaidi ya kilo 100.

Sasa vitanda vyetu vya mbao. Ule ubao wa ubavuni uliopanda juu ya godoro ndio adui wa ngozi, hasa kwa sisi ambao makalio hayana hisia: unachubuka usijue, unakuja kuambiwa na anayekuogesha, na kidonda cha namna hiyo kinakulaza miezi. Nilitumia blanketi lililokunjwa mara nne, mwishowe nikamwita seremala akaukata ubao inchi mbili. Hela niliyomlipa siijutii. Jiinue, usijiburute. Ukitumia ubao wa kuhamia, ule unaolazwa kati ya kiti na kitanda ili uteleze juu yake, usiukalie na ngozi tupu yenye jasho, inanata.

Kichwa nacho kina kazi. Kiinamishe mbele, kisha upande usikokwenda: kikienda kushoto, makalio yanakwenda kulia yakiwa mepesi. Mtu wa fiziotherapia alinirudia hili mpaka nikaudhika, na nilipolijaribu kwa dhati mikono ilipumzika nusu ya kazi.

Msaidizi asikuvute kwa kwapa. Kwa aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, bega linaweza kuteguka. Akushike kwa mkanda imara kiunoni, na mkubaliane kuhesabu. Dada yangu alikuwa akiinua kwenye "mbili", mimi nangoja "tatu", tukawa tunapigana vichwa.

Unaporudi kitini, usiwe na haraka ya kuondoka. Makalio yafike nyuma kabisa, mkanda ufungwe, vikanyagio virudishwe, miguu ikae juu yake, nguo zisiguse magurudumu. Ndipo uwashe. Mimi naangalia kwanza kitufe cha kasi, kwa sababu nikiwa nimelala watoto wa nyumbani hukipandisha hadi mwisho, kisha wanasimama mlangoni kusubiri.