Usitambue mti kwa jani moja

Nikitumiwa picha ya jani moja na swali "huu ni mti gani?", jibu langu ni lilelile: nitumie tawi. Jani lililochumwa peke yake linaficha mengi.

Anza na jicho, lile chipukizi dogo linalokaa kwenye kwapa la kikonyo na tawi. Jani linaanzia hapo. Ukishika kitu kama jani na chini yake hakuna jicho, hicho ni kipande tu cha jani kubwa zaidi. Fuata kikonyo mpaka ukute jicho. Kwenye miti ya miwati ndiko wengi wanakopotea. Vile vipande vidogo mno, mamia kwa mamia vilivyojipanga kama manyoya, vyote ni jani moja. Mtundu, mti wa kwenye misitu ya miombo, ni mwepesi kidogo: vipande vyake vinakaa viwiliviwili, mara nyingi jozi 4, na jozi ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote.

Paini nazo si zote sawa, hata kama ukipita msitu wa kupandwa wa Sao Hill kwa basi unaona ukuta mmoja wa kijani. Chomoa kifungu kimoja cha sindano, utazame pale chini zinaposhikwa pamoja na kijiala chembamba, kisha hesabu. Aina ya patula huwa na sindano 3, mara nyingine 4 au 5, laini na zinaning'inia. Aina ya elliottii ina 2 au 3, ngumu, zimesimama. Hesabu vifungu kadhaa, tena vya matawi tofauti.

Mlingoti (wengine mnauita mkaratusi) ndio mjanja kuliko yote. Kuna aina ambazo mche wake una majani mapana ya rangi ya majivu, yanayotazamana na kukumbatia tawi bila kikonyo. Ukikua unatoa majani marefu yaliyopinda kama mundu, yanayopishana. Kwa hiyo mtu akikuuzia miche, usiilinganishe na mti mkubwa wa jirani. Lifikiche jani unuse. Harufu ile haifichiki.

Jani la mti wa grevilea ligeuze tu: chini lina rangi ya fedha.

Rangi ya juu mimi siiamini sana. Kabla ya mvua, miombo ya upande wa Iringa huchipua majani mekundu, na mgeni anaweza kuapa kwamba ni miti mingine kabisa. Wiki chache baadaye yote ni kijani.